Betri ya Wambaa na Redio Isiyongoja Jibu

Mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, nyinyi mnaoanza kazi ya redio ndogo za matangi na visima. Mmekosea mlango. Maneno ya kutia moyo yako tele kwenye semina, yanagawiwa pamoja na sambusa na kalamu za bure, na mtu akitoka hapo ana moyo mkubwa mpaka sambusa imshuke. Mimi nimestaafu, niko Tibirinzi nyumbani kwangu, sitafuti cheo wala posho, na nina jambo moja tu la kuwaambia: ukishasema, kaa usikilize. Mkiliweza hilo mtakuwa mmewapita karibu wakubwa wote niliowahi kufanya nao kazi.

Najua mnacheka. Mmoja wenu aliniambia hapa hapa barazani, "Bi Riziki, siku hizi mambo hayo yanajiendesha yenyewe." Yanajiendesha. Nimeyasikia maneno hayo tangu redio zilipokuwa kubwa kama kabati la vyombo, na kila mara msemaji ni mtu ambaye hajawahi kupanda mnara wala kuumwa na manyigu ndani ya kisanduku cha waya. Kinachojiendesha kinaendeshwa na maagizo uliyokipa. Ukikipa maagizo ya kipuuzi, kitayafanya kwa bidii kutwa kucha bila kuomba ruhusa ya ugonjwa, mpaka mtu asiyehusika aharibikiwe na jina lake. Mimi nimeliona hilo Wambaa, ndiyo maana nimekubali kuandika.

Kwanza mjue tulikuwa na nini. Idara yetu ya maji, ofisi yake ikiwa Wawi, ilifunga kisanduku kwenye kila tangi. Ndani yake mna kipimo cha maji, redio ndogo, na betri ya ukubwa wa ile ya pikipiki. Paneli za jua zilitajwa kwenye mipango, na hapo ndipo zilipoonekana kwa mara ya mwisho. Redio zenyewe hazina nguvu, ni za kunong'ona, sauti ya Wambaa haiwezi kufika Wawi kwa mruko mmoja. Kwa hiyo tangi linamnong'oneza jirani yake, jirani anamnong'oneza wa mbele, habari inapokezwa hivyo hivyo mpaka inatufikia ofisini. Jirani wa tangi la Wambaa alikuwa kituo kilichowekwa kilimani, kazi yake ni kupokea na kupitisha tu.

Sasa, vituo vyote vikisema kwenye chaneli moja inakuwa kelele za mnadani. Ndiyo maana kila kituo kina chaneli yake ya kusikilizia, hapo ndipo nyumbani kwake. Kituo kikitaka kumwambia jirani neno, kinaacha chaneli yake, kinakwenda kwenye chaneli ya jirani, kinasema, halafu kinarudi kwake. Kwenye hiyo "halafu" ndipo ilipo kazi yote tuliyolipwa mshahara. Ukirudi mapema, jirani atajibu "nimepokea" na wewe hupo. Ukichelewa kurudi, wengine watakuja kukutafuta kwako na wewe hupo. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anaelewa hilo, na bado nimeona watu wenye shahada wakilikosea na kulitetea kwa picha za rangi ukutani.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Faki, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiendesha redio ya bandarini nilikoanzia kazi, kabla hatujahamishiwa idara ya maji. Bandarini wana chaneli ya kuitana na chaneli za kuzungumzia. Unaita chombo kwenye ile ya kwanza, mnapatana, mnahamia nyingine, mnazungumza, mnarudi. Mimi nilikuwa msichana mwenye haraka na vidole vyepesi. Nikishamaliza kusema tu, mkono umeshafika kwenye kitufe cha chaneli. Mzee Faki akawa anaufunika mkono wangu kwa kofia yake ya kiua, halafu ananiuliza taratibu kama anayemuuliza mgonjwa.

"Kusema?"

"Nimesema, Mzee."

"Kujibiwa?"

"Bado."

"Basi wendapi?"

Swali hilo nimeulizwa mpaka nikawa naliota. Nami nimewauliza wengi baada yake, na wengi wamenikasirikia, kwa sababu mtu mwenye haraka hupenda kuulizwa amefanya mangapi, hapendi kuulizwa anakwenda wapi.

Msidhani yule mzee alipenda watu wa kuzubaa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu wajukuu zake wanasoma, yeye alikuwa na maradhi ya upande wa pili. Akihamia chaneli ya mazungumzo harudi. Siku moja alikaa huko akimhoji nahodha habari za pweza, bei ya pweza, upishi wa pweza, na huku chombo kingine kinaita kwenye chaneli ya kuitana mpaka sauti ya mwenyewe ikakauka. Mzee Faki hakumgombeza. Alikivuta kiti tu, mwenzetu akaketi sakafuni na kisemeo mkononi. Kwa hiyo mafunzo yalikuwa mawili: usikimbie kabla ya jibu, na ukishalipata jibu usijenge nyumba huko.

Mzee Faki alipenda kusema kwamba kazi yetu ni hodi tu. Nyinyi nanyi mmezaliwa hapa, mnajua hodi inavyopigwa. Unasimama pembeni ya mlango, unapiga ya kwanza, unangoja. Aliye ndani huenda yumo ndani ya sala, huenda anatafuta kanga yake. Unapiga ya pili, unangoja tena. Ya tatu isipojibiwa, unakwenda zako bila kinyongo. Lakini yuko mtu anayezipiga zote tatu kwa pumzi moja, miguu imeshaelekea njiani, halafu kesho anakwambia, "Nilikuja kwako, hukuwepo." Huyo hakuja kwako. Kaja kutafuta neno la kusema kesho.

Haya, Wambaa. Mhandisi wetu alikuwa kijana anayeitwa Seif, hodari kwa kweli, na nasema hivyo kwa mtu ambaye sikuwa nampenda kila siku. Mkuu wetu wa idara alitaka betri zidumu zaidi, kwa sababu alikuwa anakwenda mkutanoni Unguja na alihitaji kitu cha kuonyesha. Akamwambia Seif apunguze matumizi. Seif akaona redio zinakaa kwenye chaneli ya jirani zikisubiri jibu, na kusubiri kunakula betri, basi akaufupisha ule muda. Akazijaribu redio mbili juu ya meza ofisini, mpya zote mbili, zimekaribiana kama maharusi. Zikaelewana vizuri sana. Juu ya meza kila kitu kinaelewana, ndugu zangu, hata mimi na mkuu wangu tulielewana juu ya meza ya chai.

Nilimuuliza Seif, "Umejaribu na kituo cha kilimani?" Akanijibu kwamba redio ni redio. Mkuu akasema tusirudishe nyuma maendeleo. Akaenda Unguja na picha zake za rangi, akapigiwa makofi, akarudi na begi la mkutano lililoandikwa kauli mbiu, akawa analibebea samaki.

Na betri zilidumu kweli, kila mahali, isipokuwa Wambaa. Wambaa betri ilikufa. Ikawekwa nyingine, ikafa upesi kuliko ya kwanza. Vipimo vilikuwa vinatufikia vizuri tu mpaka betri inazimika, kwa hiyo ofisini hakuna aliyeona kosa lolote kwenye redio. Mkuu akakaa nalo asubuhi moja, akalitatua kwa akili zake. "Kuna mtu anachajia simu za watu," akasema.

Mtu mwenyewe ni nani, kama si mlinzi wa tangi? Mlinzi wa Wambaa alikuwa Mzee Hamadi, mtu mzima, mpole, anayefungua na kufunga maji kwa zamu na kukipangusa kisanduku chetu kwa kitambaa kama anayepangusa msahafu. Ndiye pia aliyeshika ufunguo wa msikiti wa mtaani kwao, kwa miaka ambayo vijana wa pale hawakumbuki mwanzo wake. Mwenye ufunguo wa msikiti, kama hamjui, halipwi kitu. Anapewa kwa sababu watu wamemtazama wakaona hana shaka.

Mkuu alikwenda Wambaa, akaomba wananchi wakusanyike penye tangi, sheha yupo, wazee wapo, wanawake na ndoo zao wapo. Mimi nilikuwa nyuma kwenye gari, nilidhani tumekuja kubadilisha betri. Akasimama, akasema mali ya umma inaliwa na waliokabidhiwa waitunze. Hakutaja jina. Wakubwa hawa hawataji majina, wanaelekeza macho tu ili kesho waseme hawakumtaja mtu. Watu wote wakageuka.

Mzee Hamadi alisema maneno machache. "Betri ino mie sijaigusa, ila kuifuta vumbi." Akatoa ufunguo wa kisanduku mfukoni, akauweka juu ya ukingo wa tangi, akaondoka kwa miguu yake. Jioni ile akampelekea imamu ufunguo wa msikiti pia. Imamu akakataa kuupokea, akamwambia mbona sisi hatuna neno nawe. Mzee akamjibu kwamba mtu aliyegeukiwa na watu hawezi kushika ufunguo wa nyumba ya Mungu, akauacha dirishani. Tangu hapo akawa anasali kwake. Niliposikia habari hiyo niliona haya kuwa na kitambulisho cha idara shingoni.

Sasa sikilizeni akili ya mkuu. Ufunguo tunao sisi. Betri mpya ikawekwa, kufuli likafungwa, na mlinzi hayupo. Betri ikafa tena. Mtu wa kawaida hapo angesema, basi huenda si mlinzi. Mkuu akasema, "Ana ufunguo wa pili." Alisema hivyo ukumbini, mbele ya madereva, na maneno yale yakafika Wambaa kabla ya gari, hayakuhitaji redio wala betri. Akaanza kutafuta mlinzi mwingine, na akasema kabla ya Ramadhani Mzee Hamadi awe ameshaachishwa kazi rasmi, liwe funzo.

Nilimfuata Seif kwenye meza yake. Nikamwambia, "Chukua vile visikilizi vyako viwili vya kunasia maneno ya redio, kimoja ukiweke kwenye chaneli ya tangi, kimoja kwenye chaneli ya kilimani. Twende." Akaniambia ana ripoti ya kumaliza. Nikakaa kwenye kiti cha mgeni. Baada ya kuniona sina dalili ya kunyanyuka, akazima kompyuta.

Tulikaa Wambaa juu ya saruji ya tangi, jua limetupiga utosini, kompyuta imefunikwa kwa kanga yangu ili kioo kionekane. Seif kaingia chini ya kanga kichwa kizima, mpita njia angesema namzungua mashetani. Nikawa namsikia akisoma.

"Tangi linakwenda chaneli ya kilimani. Linasema. Linarudi kwake. Kilima kinajibu. Kinamjibu nani? Hayupo."

"Endelea kusoma," nikamwambia.

"Tangi linakwenda tena. Linasema yale yale. Linarudi. Kilima kinajibu. Hayupo." Alisoma hivyo mpaka sauti ikamshuka. Mwisho akatoa kichwa nje, jasho linamtiririka, akanitazama. "Bi Riziki, muda ule nimeuweka mie."

Kwa wale mnaotaka kujifunza, haya ndiyo yaliyokuwamo. Redio ya kilimani ilikuwa ya toleo la zamani, tuliifunga mwanzo kabisa. Ilisikia vizuri, ila kugeuka kutoka kusikiliza hadi kusema kuliichukua muda zaidi kuliko hizi mpya. Neno la tangi lilikuwa linapokelewa, linapitishwa, linafika Wawi. Lakini "nimepokea" ya kilima ilitoka wakati tangi limeshakwenda zake. Tangi likaona halikujibiwa, likarudia. Likarudia tena. Kusema kunakula betri kuliko kusubiri, na lile tangi lilikuwa linasema kutwa neno ambalo lilishasikiwa. Kilima kikazitupa nakala zote zilizozidi, kwa hiyo sisi ofisini tukawa tunaona neno moja safi. Betri ililiwa na yule aliyetaka kuiokoa.

Seif aliogopa, na mwenye hofu huharibu upande wa pili. Akataka kuweka muda mrefu wa kutosha mtu kupika uji. Nikamwambia, kijana, na wanaokuja kuligongea tangi wakute mlango umefungwa? Fanyeni hivi, na hivi ndivyo tulivyofanya: nendeni mkampime jirani aliye mzito kuliko wote, pale alipo, si mezani. Ongezeni nafasi kidogo juu yake kwa sababu ya mvua na majani mabichi. Tangi lisubiri mpaka hapo na lisizidi. Na jibu likija mapema, liondoke papo hapo, lisisimame kutazama mapambo. Likikosa jibu, kabla ya kurudia litulie kidogo kwake, lisigonge kama mdai. Seif aliandika maagizo mapya pale pale juu ya saruji. Betri ile tuliyoiacha siku hiyo ilidumu kama zile nyingine, na hakuna aliyekuja kutupigia makofi.

Mkuu nilimweleza mwenyewe. Alisikiliza huku anakoroga chai. "Basi limekwisha," akasema, akachukua simu yake, akaandika ujumbe: hitilafu imerekebishwa, unaweza kurejea kazini. Akaupeleka kwenye namba iliyokuwapo ofisini ya Mzee Hamadi. Neno la samahani halikuingia, labda aliona litakula betri. Siku zikapita. Nikamuuliza kama kajibiwa. Akanijibu, "Tumeshamwarifu. Kama hataki kazi, shauri yake."

Nilimwonyesha namba ile mpwa wa Mzee Hamadi, nilipokutana naye sokoni Chake. Alicheka kicheko ambacho sikukipenda. Namba ile ilikuwa ya jirani yao aliyehamia Dar zamani. Mzee Hamadi hakuwa na simu, hajawahi kuwa nayo. Mtu aliyetangazwa kuchaji simu za kijiji kizima hakuwa na simu.

Nikamwambia mkuu twende Wambaa tukaseme pale pale aliposema. Akasema ana mkutano. Wakati wa kutuhumu hakuwa na mkutano. Nikaenda na Seif siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini wakamkuta Seif kasimama penye tangi. Kijana yule alisema vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema kosa ni la maagizo ya redio, maagizo aliyaandika yeye, na Mzee Hamadi hakugusa kitu. Imamu akamwita pembeni, akaingia msikitini, akatoka na ufunguo, akasema, "Twendeni kwake."

Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikapiga hodi. Kimya. Seif akaanza kugeuka, akasema huenda kaenda shamba.

"Wendapi?" nikamuuliza.

Akarudi akasimama. Tulingoja. Nikapiga ya pili, tukangoja tena, imamu kaegemea ukuta anavuta tasbihi. Kabla sijafungua mdomo kwa ya tatu tukasikia mtu anakunja mkeka.

"Karibuni. N'likuwa nasali."

Seif alisema yote tena, kakaa chini, kichwa kainamisha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Halafu akasema, "Nimesikia, mwanangu. Nimekusamehe." Imamu akaweka ufunguo wa msikiti juu ya mkeka. Mzee akautazama, akautia mfukoni, na mimi nikageuza uso kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Hapo Seif akatoa ule ufunguo wa kisanduku, akamwekea mbele yake. Mzee akausukuma kwa kidole kimoja mpaka kwenye goti langu.

"Uno mpelekee mkubwa wenu, Bi Riziki. Mwambie wa pili sina."

Nimewahi kubeba betri, nguzo na ngazi, lakini sijabeba kitu kizito kama ufunguo ule kutoka Wambaa hadi Wawi. Jumatatu nikaingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi, Mungu anisamehe, nikauweka mbele ya kikombe chake, nikafikisha salamu kama nilivyopewa. Akasema, "Sawa." Nikavuta kiti, nikaketi.

Akasoma karatasi. Akajibu simu. Akanitazama. "Unangoja nini, Bi Riziki?"

"Jibu," nikamwambia.

Chai ikampoa mbele yake. Mimi sikuondoka. Mwisho akautia ufunguo mfukoni, akachukua kofia yake, akauliza dereva wa kumpeleka Wambaa yuko wapi.